Ugumu wa Mioyo Ndani ya Nyumba Zetu

(Hotuba iliyotolewa kwenye semina ya wanandoa na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa. Tumeichapa kwa ombi la waliohudhuria.)

 

Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja, hasa wakati huu ambapo pamba imeanza kupokelewa kwenye mizani. Tumeombwa tuzungumze juu ya ndoa, talaka, na kumpenda Mungu kwa moyo wote. Huenda wengine mnaona hizo ni mada tatu. Sisi tunaamini ni mada moja, nayo ni habari ya moyo. Lakini kabla ya kufundisha mtu yeyote, inatupasa tuanze na kukiri kosa letu wenyewe.

MAMA ALIYETUULIZA SWALI

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kikundi chetu kimojawapo alikuja kutuona. Mume wake alikuwa ameuza pamba ya shamba walilolima pamoja, akaondoka na fedha yote. Alirudi baada ya wiki tatu akiwa hana kitu. Mama alipouliza, alipigwa. Haikuwa mara ya kwanza.

Tulikaa naye, tukaomba naye. Tukamkumbusha kwamba Yesu alikataza watu kuvunja muungano ambao Mungu mwenyewe ameufanya. Tukamwambia avumilie. Naye, kwa sababu anampenda Mungu na alituheshimu, akarudi nyumbani. Siku chache baadaye tulimkuta zahanati, mkono umevunjika.

Hakutulaumu. Alituuliza tu: "Mimi mliniambia nivumilie. Na yeye mlimwambia nini?"

Hatukuwa na jibu. Mume wake hatukuwa tumemwita hata siku moja. Swali hilo lilituumiza, na likaturudisha kuisoma Injili upya.

YESU ALIULIZWA NINI?

Fungueni Marko sura ya 10. Mafarisayo wanamwuliza Yesu kama ni halali mume kumwacha mkewe. Angalieni swali lenyewe limetoka wapi. Limeulizwa na wanaume, linahusu haki ya wanaume, na mke anayezungumzwa hayupo pale kusema neno.

Lilikuwa pia swali la mtego. Yesu alikuwa amevuka Yordani, katika nchi iliyotawaliwa na Herode Antipa. Herode huyu alikuwa amemwacha mke wake, binti wa mfalme wa Wanabatea, ili amchukue Herodia, mke wa ndugu yake. Yohana Mbatizaji aliikemea ndoa hiyo, akakatwa kichwa. Kwa hiyo kusema juu ya talaka mahali pale kulikuwa kusema juu ya mkubwa wa nchi.

Tena walimu wa Kiyahudi wenyewe walikuwa wakibishana. Sheria ya Musa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inataja mume anayeona jambo lisilofaa kwa mkewe na kumwandikia hati ya talaka. Je, jambo lisilofaa ni lipi? Wafuasi wa Shamai walisema ni uasherati tu. Wafuasi wa Hileli walisema ni jambo lolote, hata kama mke ameharibu chakula jikoni. Hebu fikirini, mama ameunguza ugali siku moja, na kwa sababu hiyo anafungashiwa virago! Mwanamke wa wakati ule akifukuzwa hakuwa na shamba wala mshahara. Alirudi kwa baba yake ikiwa baba bado yu hai, au aliolewa tena, au aliomba.

Yesu hakuingia katika ubishi wa Shamai na Hileli. Alisema kwamba Musa aliandika amri ile kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao. Ile hati ilikuwa kinga kidogo kwa mwanamke aliyekwisha kuachwa, ili aonekane yuko huru. Kisha Yesu akawarudisha mwanzo, kwenye uumbaji, ambako mume na mke wanakuwa mwili mmoja. Hakuna mtu anayetupa mwili wake nje kwa sababu ya ugali.

Baadaye, nyumbani, akawaeleza wanafunzi jambo lililowashangaza. Mwanaume akimwacha mkewe na kuoa mwingine, anazini, na uzinzi huo ni dhambi dhidi ya yule mke aliyemwacha. Katika desturi za wakati ule, mtu alizini dhidi ya mume mwenzake kwa kumchukulia mke. Yesu anasema mke naye anakosewa. Anaye Mungu anayemtetea. Na ili mtu asidhani upande mmoja umesamehewa, akasema vivyo hivyo juu ya mke anayemwacha mume wake na kuolewa na mwingine.

Ndugu zetu, sisi tulilichukua neno ambalo Yesu alilitoa kuwazuia wenye mioyo migumu, tukamfungia nalo yule aliyekuwa akiumizwa.

TALAKA ISIYO NA HATI

Katika vijiji vyetu ni wachache wanaoandikiana talaka. Lakini yapo mengine. Yupo baba anayeondoka baada ya mauzo ya pamba na kurudi njaa ikianza. Yupo mama anayekopa kikundini kwa siri mpaka siku mabati ya nyumba yanapokuja kuchukuliwa, ndipo mume anapojua. Wapo wanaolala chumba kimoja na hawajasalimiana tangu Pasaka. Cheti cha ndoa kipo sandukuni, kanisani wanahesabiwa wanandoa, lakini moyo umekwisha kuondoka. Hiyo nayo ni kuachana, ingawa haina mhuri.

Nabii Malaki aliliona hili zamani. Katika sura ya 2 anaeleza watu wanaoifunika madhabahu kwa machozi wakiuliza kwa nini Mungu hapokei sadaka zao. Jibu ni kwamba Mungu amekuwa shahidi kati ya kila mmoja wao na mke wa ujana wake, ambaye wamemtenda kwa hila. Maana yake ni kwamba Mungu alikuwa akiangalia nyumbani wakati wao wakiangalia madhabahuni.

KUMPENDA MUNGU KWA MOYO WOTE

Sasa tunafika kwenye amri ya kwanza. Mwandishi mmoja alimwuliza Yesu amri iliyo kuu. Yesu akataja Kumbukumbu la Torati sura ya 6, kumpenda Mungu kwa moyo, roho, akili na nguvu zote, halafu mara moja akaiunganisha na kumpenda jirani. Tujiulize, jirani wa karibu kuliko wote ni nani? Ni yule mnayelala naye chini ya chandarua kimoja.

Wapo wanaoitumia amri ya kwanza kuikimbia ya pili. Mzee wa kanisa yuko kwenye kamati ya ujenzi Jumatatu, kwaya Jumatano, mkesha Ijumaa, na nyumbani mkewe hajui mahindi ya mwezi ujao yatatoka wapi. Mama naye anafunga na kuomba kila juma, lakini mumewe akiongea anajibiwa kwa dharau. Wakiulizwa wanasema, "Mungu kwanza."

Yesu aliwajibu watu wa namna hii katika Marko sura ya 7. Walikuwepo waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo hawawezi kuwasaidia wazazi wao. Yesu aliuita mchezo huo kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Tukimweka Mungu kwanza kweli, yeye mwenyewe atatutuma nyumbani.

Moyo uliotolewa wote kwa Mungu hulainika. Unaweza kusema "nisamehe, mama watoto." Unaweza kuweka fedha ya pamba mezani na kuihesabu mbele ya mwenzako.

JE, KUNA WAKATI WA KUTENGANA?

Tunajua swali hili liko mioyoni mwenu, tusilikwepe. Makanisa yetu hayafundishi sawasawa. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kifungo cha ndoa halali ya Wakristo wawili waliokwisha kuishi kama mume na mke hakivunjwi na mwanadamu, lakini linaruhusu wanandoa kuishi mbalimbali pale mmoja anapomhatarisha mwenzake au watoto. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yanaangalia Mathayo sura ya 19, ambapo Yesu anataja uasherati, na 1 Wakorintho sura ya 7, ambapo Paulo anamzungumzia mwamini aliyeachwa na asiyeamini. Kila mmoja na asikilize kanisa lake. Lakini hakuna hata kanisa moja kati yetu lenye amri kwamba mtu akae mahali anapoweza kuuawa.

Sheria ya nchi yetu nayo isaidie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumpiga mwenzake. Inataka kwa kawaida shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya mahakama kusikiliza ombi la talaka. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Akina mama, anayepika, kuchota maji na kulea hajakaa bure.

MAMBO TULIYOAZIMIA

Baada ya kosa letu tuliketi na wachungaji, makatekista na viongozi wa vikundi, tukakubaliana mambo haya:

1. Mtu akija na shauri la ndoa, tutawasikiliza wote wawili, kila mmoja peke yake kwanza. Hatutamwambia mmoja avumilie kabla ya kumwita mwingine.

2. Palipo na kipigo, usalama unatangulia. Mama na watoto wapate mahali pa kulala na matibabu, na wapelekwe polisi ikibidi. Upatanisho utafuata baadaye, ikiwa aliyepiga ameacha kweli.

3. Hakuna mwanakikundi atakayeondolewa kikundini au kunyanyapaliwa kwa sababu ndoa yake imevunjika.

4. Mkopo mkubwa utachukuliwa kwa mume na mke kujua wote wawili, ili usiwe chanzo cha ugomvi.

5. Mafundisho kabla ya ndoa yatazungumzia pia fedha, shamba, pombe na wakwe, kwa sababu huko ndiko ndoa nyingi tulizozihudumia zilikoanza kupata ufa.

Mtauliza habari za yule mama. Yeye na mumewe bado wanaishi mbalimbali. Safari hii baba tulimwita. Mara ya kwanza alikuja kwa hasira, mara ya tatu alikuja akilia. Sasa analeta sare na madaftari ya watoto, na hajaomba arudiwe. Hatuwaharakishi. Mama anasema anamwombea, na anaendelea kuweka hisa zake kila wiki.

Tunamaliza kwa kuwapa kazi ya nyumbani. Leo usiku, watoto wakishalala, kila mmoja amwulize mwenzake swali moja: "Ni wapi moyo wangu umekuwa mgumu kwako?" Kisha anyamaze, asikilize, asijitetee. Na walio peke yao, wajane na walioachwa, wamwulize Mungu swali hilohilo, naye ni mpole.

Mungu awabariki, na azibariki nyumba zenu. Amina.