Tujifunze Kuiona Bahari Yetu

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwalimu wa uchoraji mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukipunguza kidogo tu.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufikisha Ramadhani nyingine tukiwa na uhai na macho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu vijana, wazee wangu, mama zangu. Nilipoambiwa nije nizungumze nanyi, nilicheka. Nikasema, "Mimi ni mchora mabango ya maduka, nitawaambia nini watu katika mwezi huu? Masheikh wapo." Nikajibiwa, "Masheikh wana siku zao. Wewe tuzungumzie macho." Basi leo ni macho. Sitawachosha, najua koo zimekauka, na yangu pia.

Kwanza swali. Ule usiku wa kutafuta mwezi, sote tunapotoka nje na watoto, huwa tunatazama upande gani? Upande wa bara, si ndiyo? Kule jua linakotua. Hakuna mtoto wa Mombasa asiyejua hilo. Sasa sikilizeni. Niliwaambia watoto wa darasa langu la Jumamosi wachore jua likitua hapa kwetu. Karibu wote walichora jua likizama baharini! Jamani, bahari kuu kwetu iko mashariki. Nyali, Bamburi, Diani, jua linatoka baharini alfajiri na jioni linatua bara, nyuma ya minazi na mabati ya nyumba. Watoto hawa wamezaliwa hapa na wanaliona kila siku. Lakini mkono uliposhika penseli, akili ilikwenda kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, yenye picha ya pwani ya nchi nyingine.

Na mwezi vivyo hivyo. Waliuchora umesimama wima, na nyota katikati ya pembe zake. Sisi tuko digrii 4 hivi kusini ya ikweta. Mwezi mwandamo kwetu hulala chali kama mashua. Na nyota haiwezi kuonekana ndani ya zile pembe, maanake pale pana mwezi wenyewe, upande wake wenye giza. Ukikaza macho siku hizo za mwanzo utauona mduara wote, hafifu sana. Mwezi na nyota wa kwenye kadi za Idi ni alama, na alama haina ubaya. Ubaya ni pale alama inapokaa mahali pa jicho lako.

Msidhani nawacheka watoto. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wao, na aliyenifundisha ni mamangu, wakati yeye mwenyewe haoni.

Mama alikuwa msusi wa mikeka. Ukindu aliutia rangi mwenyewe sufuriani, na akijua rangi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Uzeeni akashikwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akawa anaona mwanga na ukungu tu. Jioni nikirudi kazini namkuta barazani, ananiuliza, "Mwanangu, umepita pwani? Bahari iko vipi leo?" Namjibu, "Iko sawa tu, mama. Buluu." Anasema, "Buluu gani? Maji yanajaa au yanapwa? Mwambani povu liko refu au fupi?" Nikawa sina jibu. Mimi, mtu ninayelipwa kwa kazi ya rangi, nimepita kando ya bahari nikiwa na macho mawili mazima, na sina hata neno moja la kumpelekea mamangu!

Wallahi, niliona haya. Kesho yake nikatoka kazini mapema, nikakaa ufuoni na daftari la shule na penseli, nikaandika na kuchora nilichokiona ili nimwambie. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuchora mandhari. Niliitaka habari ya kumpelekea mama, sanaa sikuwa nayo akilini.

Na nikagundua bahari haina rangi moja. Karibu na ufuo, juu ya mchanga mweupe, maji ni kijani chepesi. Penye majani ya baharini yanageuka kahawia ya kiza. Kisha unakuja mstari mweupe wa povu, pale mwambani, na nje yake ndiyo buluu iliyokoza. Sababu ipo. Maji hunywa kwanza wekundu ulio katika mwanga na kuubakisha ubuluu. Penye kina kifupi, mchanga mweupe huurudisha mwanga juu kabla haujanywewa sana, penye kina kirefu hakuna cha kuurudisha. Na ukienda Malindi wakati wa mvua kubwa, utaikuta bahari ni kama chai ya maziwa. Mto Sabaki umeshusha udongo mwekundu kutoka bara. Mwenye kuiona rangi ile ataelewa kuwa kuna mashamba huko juu yanayoliwa na maji.

Vijana wengine watasema, "Mwalimu, haya ni mambo ya Wazungu watalii." Sivyo. Aliyeeleza vizuri zaidi kuliko waliomtangulia jinsi jicho linavyoona alikuwa Mwislamu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufia Cairo karibu mwaka 1040. Wengi kabla yake walidhani jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Yeye akaonyesha katika Kitab al-Manazir kuwa mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Na akaongeza jambo ambalo mimi nalipenda zaidi: kwamba kuona hakuishii kwenye jicho. Akili huhukumu kwa haraka kulingana na ilivyozoea, na kwa hiyo inaweza kukosea. Ndiyo ile habari ya jua la kalenda, miaka elfu moja kabla ya darasa langu!

Sasa nije kwenye swali ambalo naliona katika nyuso za wazee wangu. Je, kuchora si haramu? Mimi si sheikh, na mambo ya fatwa yana wenyewe. Ninachojua ni kilichosimuliwa juu ya Ibn Abbas (R.A.), kwamba alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kutengeneza picha. Akamwonya juu ya kuchora vyenye roho, kisha akamwambia kama hana budi basi achore miti na vitu visivyo na roho. Juu ya viumbe wanavyuoni wana maelezo yao, waulizeni. Lakini bahari, mawingu, minazi, majumba ya mawe na mashua zilizotia nanga, huu ni uwanja mpana ambao maisha yangu yote hayataumaliza. Na Qur'ani yenyewe inatuuliza mara ngapi kama hatutazami: mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa, ardhi ilivyotandazwa. Inatutaka tutazame tuzingatie.

Haya, tufanye kazi. Nitawapa mambo manne ya kufanya Ramadhani hii, baina ya alasiri na magharibi. Ni bora kuliko kulala au kukaa kwenye simu mkisubiri adhana. Mnahitaji penseli na daftari tu.

La kwanza ni dirisha. Kata kipande cha boksi, toboa tundu la mstatili lenye ukubwa wa kiberiti. Lishike mbele ya jicho moja. Bahari yote ni kubwa mno, itakushinda. Ndani ya dirisha kuna kitu kidogo unachoweza kukimudu. Tafuta upeo, pale maji yanapokutana na mbingu. Kaa chini, upeo uko usawa wa macho yako. Simama, umepanda nawe. Panda darini, nao umepanda. Ukijua hilo tu, picha yako haitaanguka.

La pili, fumba macho nusu. Vitu vidogo vidogo vinapotea, unabaki na penye mwanga na penye kiza. Chora hivyo kwanza. Usianze na makuti moja moja!

La tatu, uliza rangi, usiikariri. Utasema kanzu ni nyeupe. Mtazame mwenzako aliyevaa kanzu amesimama kivulini, kisha aliye juani. Je, ni nyeupe moja? Nendeni Mji wa Kale mkautazame mnara wa msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570. Adhuhuri unaumiza macho kwa weupe. Kabla ya magharibi una umanjano kama samli, na upande wa kivuli una ubuluu. Ukuta ni ule ule na chokaa ni ile ile.

La nne, rudi pale pale. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, baina ya kujaa na kupwa huwa ni zaidi ya mita 3 hapa kwetu. Kwa hiyo ufuo uliouchora Jumatatu, Jumatatu ya pili saa ile ile ni ufuo mwingine.

Na wale mtakaotumia rangi na brashi, tafadhali: msiichonge brashi kwa ulimi kama tulivyozoea sisi wachoraji. Mmefunga!

Mzee mmoja aliniuliza kwa hasira kidogo, "Haya yote yana faida gani kwa binti yangu? Afadhali asome hesabu." Ni mvuvi, na maneno yake yalikuwa na haki, kwani riziki ni ngumu. Sikubishana naye. Binti yake alikuwa akichora mkono wa bahari ulio nyuma ya nyumba yao. Nilimfundisha majina kwanza, kwa sababu kisichokuwa na jina jicho hukiruka. Pwani ya Kenya ina miti ya mikoko ya aina 9. Mlilana husimama mbele kabisa, miguu majini. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Kuna muia, kuna mkandaa, na mchu ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli zilizochomekwa. Kila mmoja una kijani chake.

Siku moja akaniletea picha yenye pengo katikati. Nikamwambia, "Umeharakisha, mama, hapa hujamaliza." Akasema, "Mwalimu, nimemaliza. Imekatwa." Akatoa ya mwaka uliopita, akaziweka pamoja. Mililana ya mbele yote haipo. Tukampelekea babake. Akazitazama karatasi zile mbili kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akasema, "Napita pale kila siku na ngalawa. Sikuona." Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilalamika kuwa kamba na samaki wadogo wamepungua, na mizizi ile ndiyo wanamolelewa. Akazichukua zile karatasi akawapelekea wavuvi wenzake. Mvua ziliponyesha wakapanda miche, mingine ikafa, mingine ipo mpaka leo. Huko Gazi, Kwale, wenyeji wenye mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 wanailinda mikoko na kupata fedha za maji na shule za kijiji kwa kuuza haki za kaboni. Lakini kabla ya kukilinda kitu, lazima mtu aone kuwa kipo, na aone kinapoondoka.

Nalisema hili kwa uchungu. Majahazi yanapungua. Nyumba za mawe zinabomoka. Wako vijana wenzenu waliopotelea kwenye unga, wanapita ufuo huu huu macho wazi na hawaoni chochote. Sisemi penseli itawaponya. Nasema mtu aliyezoea kukitazama kitu kizuri kwa saa nzima bila kukinunua, ana kitu mkononi siku moyo unapokuwa mzito.

Nimalizie na mama. Alipasuliwa jicho moja, na alhamdulillahi likafunguka. Nilikuwa na picha ninayojivunia, jahazi limepumzika ufuoni chini ya mnazi. Nikamletea barazani, nikakaa nisubiri sifa. Akaitazama, akaisogeza karibu, akasema, "Mlingoti umeusimamisha kama nguzo ya stima. Wa jahazi huinama mbele. Na hiki kivuli cha mnazi juu ya mchanga, nani kakwambia ni cheusi? Njoo tukakitazame."

Tukaenda, nimemshika mkono. Na kweli, kilikuwa kama zambarau hivi, na ndani yake kulikuwa na mwanga.

Basi vijana, leo baada ya mazungumzo haya zimebaki kama saa moja na nusu kabla ya adhana. Msiende nyumbani moja kwa moja. Pitieni pwani. Na mtakaporudi kufuturu, kama nyumbani kuna mzee asiyeona vizuri, kaeni naye mumwambie bahari iko vipi leo. Akiwauliza ni buluu gani, muwe na jibu.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, awarehemu wazee wetu, na atuzidishie nuru katika macho na nyoyo zetu. Amin.