Mbegu Nyingi, Bustani Ndogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakulima wa bustani waliokutanika Timboroa, katika njia ya Nakuru kwenda Eldoret.)



Nimeombwa niseme nanyi habari za kuweka mbegu. Yule aliyeniomba alidhani mimi ni fundi wa kazi hii, kwa kuwa alipata kuliona debe langu la mbegu akastaajabu jinsi lilivyojaa. Naona haya kumwambia mbele yenu kwamba debe lile halikuwa dalili ya ufundi. Lilikuwa dalili ya ugonjwa. Ugonjwa wenyewe hauna jina hospitalini, walakini nikitazama nyuso zenu naona kwamba baadhi yenu mmekwisha kuutambua.

Basi nitawaelezeni mambo yalivyokuwa. Mwezi wa Januari mwaka huu, wakati wa kiangazi, nilikusudia kulisafisha debe lile, nikalimimina juu ya mkeka. Nilihesabu pakiti na vifundo 73. Bustani yangu, kama jirani zangu wajuavyo, ni hatua 20 kwa hatua 15. Palikuwa na pakiti 9 za kabichi za namna mbalimbali, na pakiti moja tu ya kabichi yatosha kuijaza bustani hiyo yote, na miche mingine ikabaki. Palikuwa na karoti, vitunguu, biti, saladi na mabiringani. Palikuwa na matikiti maji! Nawaulizeni, ni nani kati yenu aliyepata kuona tikiti maji likiiva Timboroa? Hapa tulipo ni juu, kiasi cha futi 9,000, na asubuhi za Januari twaamka tukaona majani yamefunikwa na sakitu kama chumvi iliyomwagwa. Pakiti ile niliinunua Eldoret kwa sababu ya picha iliyokuwa juu yake.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Mkulima akiingia katika duka la mbegu haoni mbegu. Aona bustani nzima iliyopigwa picha, isiyo na magugu wala konokono, wala ng'ombe wa jirani. Bei ya pakiti ndogo si kubwa, hata hakuna mtu nyumbani atakayeuliza fedha zimekwenda wapi. Hali kadhalika akisafiri harudi mikono mitupu. Huchuma mbegu za maua kando ya njia, huomba kwa mwenyeji wake, na pilipili aliyoila akaisifu huweka mbegu zake mfukoni. Kila moja huambiwa kwamba itapandwa mvua zijazo. Mvua zijazo zimebebeshwa mzigo mkubwa sana.

Haya yote yangekuwa mambo ya kuchekwa tu, kama si kitu nilichokiona chini kabisa ya debe.

Kilikuwa ni kifundo cha kitambaa cha buluu, na ndani yake njegere za marehemu mama yangu. Wazee waliopo hapa huenda wakazikumbuka. Si njegere hizi fupi za siku hizi. Zile hupanda ua mpaka zikapita kichwa cha mtu mzima, maua yake ni ya zambarau, na mbegu zake ni za rangi ya kijivu zenye madoadoa. Mama alikuja nazo kutoka kwao alipoolewa. Kila mwaka alizipanda penye ua wa kusini, akapika mbichi pamoja na viazi, akaacha nyingine zikauke kwa mbegu. Alipofariki nilizichukua nikazifunga vizuri, nikasema moyoni, hizi ni za thamani, sitazipanda ovyo. Nitaziweka mpaka niwe na nafasi njema. Nikaziweka miaka 11. Katika miaka hiyo yote nilipanda kabichi za duka, maana kabichi za duka sikuogopa kuzipoteza.

Tena lipo jambo jingine, nalo nalisema kwa uzito. Mwaka wa pili baada ya msiba alikuja mama mmoja jirani yetu, mtu mzima, akaniomba kikombe kimoja cha njegere zile. Nilimjibu kwa adabu kwamba ni chache, na angoje kwanza nizizidishe. Alingoja. Sasa yeye naye hayupo.

Siku ile ya Januari nilihesabu njegere 40 zilizokuwa bado nzima. Nilizilowesha, nikazifunga katika kitambaa chenye maji, nikaziweka jikoni penye joto. Baada ya siku 10 nilifungua. Thelathini na nane zilikuwa zimeoza, na harufu yake siwezi kuieleza hapa mbele ya chakula. Mbili zilikuwa zimetoa mizizi.

Yafaa basi tujue kwa nini zile 38 zilikufa. Wengi wetu twadhani kwamba mbegu ni kama msumari, ukiuweka kabatini utaukuta vilevile. Mbegu ni kitu chenye uhai. Inavuta pumzi, ijapokuwa polepole sana, na inakula akiba ya chakula iliyo ndani yake. Ikipata unyevu na joto pumzi yake huenda mbio, na uzee wake nao huenda mbio. Mtaalamu mmoja wa Marekani, James Harrington, alitoa kanuni mbili rahisi kukumbuka. Ya kwanza, ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka mara mbili. Ya pili, ukipunguza joto la mahali ilipowekwa kwa nyuzi 5 au 6 za Celsius, maisha yake huongezeka mara mbili tena. Kanuni ya kwanza hufaa kwa mbegu zenye unyevu kati ya asilimia 5 na asilimia 14 hivi.

Sasa tazameni ujinga wangu. Timboroa ina baridi, na baridi ni rafiki wa mbegu. Juu ya hilo nilijivuna. Lakini Timboroa ina ukungu pia, na karatasi na kitambaa hunywa ukungu. Debe langu lilikaa nyuma ya mlango, karibu na ukuta unaotoa jasho wakati wa mvua ndefu, na mfuniko wake haukuwa ukikaza. Bibi zetu walitundika mbegu katika kibuyu juu ya mafiga, wakatia majivu. Moshi na joto la moto vilikausha, majivu yakanywa unyevu uliosalia na kuwatesa wadudu. Hawakumsoma Harrington. Tena wao hawakuwa na vifundo 73. Walikuwa na vibuyu vichache, na kila mwaka vilitolewa, vikapandwa, vikajazwa upya.

Hata mbegu iliyowekwa vizuri ina siku zake. Vitunguu ni vya kwanza kufa. Mwaka mmoja au miwili tu. Karoti, maharagwe na njegere hukaa kama miaka 3. Kabichi na nyanya huweza kufika miaka 4 au 5. Najua yupo atakayenipinga kwa habari ya mtende. Ni kweli, kokwa ya tende iliyofukuliwa Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, ilichipua mwaka 2005, nayo ilikuwa na umri wa miaka 2,000 hivi. Lakini pale ni jangwa kavu kabisa, na kokwa ya tende si mbegu ya kitunguu. Mwenye jangwa nyuma ya mlango wake na aendelee kuweka.

Sisemi kwamba kukusanya mbegu ni kosa. Wapo watu waliokusanya kuliko sisi sote, na dunia yawashukuru. Mrusi mmoja, Nikolai Vavilov, alizunguka nchi nyingi akitafuta mbegu za vyakula, akafika hata Ethiopia mwaka 1927. Mji wa Leningrad, palipokuwa na ghala lake, ulizingirwa na majeshi ya Wajerumani tangu Septemba 1941 hata Januari 1944. Baadhi ya wafanyakazi wa ghala lile walikufa kwa njaa, na huku mchele na nafaka nyingine ziko mikononi mwao, wasizile. Vavilov mwenyewe alikuwa amekwisha kufungwa na serikali ya nchi yake, akafa gerezani mwaka 1943. Nataka mwangalie jambo moja katika habari hii. Watu wale walilinda mbegu, lakini pia walizipanda. Hata katika vita walitafuta ardhi ya kupanda viazi vyao ili visipotee.

Kwetu Kenya nako iko Benki ya Mbegu huko Muguga, karibu na Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988. Huko mbegu hukaushwa kwanza, hufungwa zisipate hewa, ndipo huwekwa katika baridi ya kugandisha maji. Na ghala kubwa la Svalbard, huko Norwe, lilipofunguliwa Februari 2008, mmoja wa watu wawili walioingiza sanduku la kwanza la mbegu alikuwa ni Wangari Maathai wetu. Lakini hata katika nyumba kama hizo mbegu hupimwa kila baada ya muda, na zikianza kudhoofika hupelekwa shambani zikazae upya. Ikiwa wenye mashine za baridi hawaamini debe, mimi nililiamini kwa nini?

Mtu aweza kupima mbegu zake nyumbani bila gharama. Hesabu mbegu 20 za kila namna, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, ziweke penye joto kwa siku 10, kisha uhesabu zilizochipua. Zikipungua 10, zipande zote mwaka huu na uzipande karibu karibu, usizirudishe debeni. Mbegu mpya za maharagwe au njegere unazotaka kuweka, zianike kivulini penye upepo. Ziume kwa meno. Jino likiacha alama, bado. Au tia mbegu katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise, uache kidogo. Chumvi ikigandamana na kioo, zirudishe zikauke. Zikiwa tayari, zitie katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na mchele uliokaangwa mpaka ukawa hudhurungi, ukapoa, ukafungwa katika kitambaa. Mchele huo hunywa unyevu. Andika jina na mwaka. Mimi sikuandika mwaka katika vifundo 31, nikawa kama mtu aliyezika bila kuweka alama.

Baadhi yenu mmeniuliza kama ni ruhusa kupeana mbegu. Swali hili si dogo. Sheria ya mbegu, hasa baada ya kubadilishwa mwaka 2012, iliwatia watu hofu, maana mtu aliyetoa mbegu zisizothibitishwa aliweza kutozwa faini ya hata shilingi milioni 1, au kufungwa miaka 2. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kugawana na kuuziana mbegu zao za asili vilikuwa kinyume cha Katiba. Walakini siwezi kujificha nyuma ya sheria. Mama yule alipokuja kuniomba kikombe cha njegere, si sheria iliyonifanya nimnyime. Lau ningalimpa, leo ningalikwenda kwa wanawe nikaomba nirudishiwe.

Zile njegere mbili nilizipanda katika kopo, kisha nikazihamisha penye ua wa kusini. Moja ililiwa na konokono usiku wa tatu. Ya pili imesimamishwa kwa vijiti, nami huitazama kila asubuhi kabla ya kunywa chai, jambo ambalo watu wa nyumbani mwangu wamekwisha kulizoea. Njegere hujichavusha yenyewe ndani ya ua lake, kwa hiyo mmea mmoja waweza kurudisha namna ile ile bila kuchanganyika. Jana nilihesabu maua sita. Maganda sita yakikomaa, nikifaulu kuwazuia ndege, nitapata mbegu 30 hivi. Kumi nitazipanda mwenyewe. Ishirini nimekwisha kuziahidi kwa watu watatu, nao wamo humu ndani. Wa kwanza kati yao ni binti wa mama yule.

Pakiti zangu zilizofaulu kipimo ziko juu ya meza pale mlangoni. Chukueni mtakazozipanda mvua hizi, wala si zaidi ya hizo. Matikiti maji naomba yachukuliwe na mtu mwenye ndugu Marigat.