Mwamuzi Asiye na Upande

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 19:4–7



Kijana mmoja wa parishi yetu hapa Nakuru alijifunza kazi ya urefa. Mimi nilidhani ni kununua filimbi tu. Kumbe sivyo. Alizisoma sheria 17 za mpira kama mtoto wa Kipaimara asomavyo Amri Kumi. Kila alfajiri alikimbia. Refa wa kimataifa hupimwa mbio za mita 40 mara sita, kisha hukimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25, mara 40. Kwa nini? Kwa sababu aliye mbali na tendo huamua kwa kukisia. Tena alifundishwa kwamba refa akikosea, aweza kugeuza uamuzi kabla mchezo haujaanzishwa tena, ukishaanzishwa, amechelewa.

Siku moja alichezesha vijana wa kanisa letu. Dakika za mwisho akawapa wapinzani wetu penalti, tukashindwa. Nilimwita kando. "Mwanangu, hata wewe? Hukuweza kutuhurumia?"

Akajibu kwa heshima, "Baba Mchungaji, ningewahurumia ninyi, wale ningewafanyia nini?"

Nilinyamaza. Maana juma lile wazee wawili walikuwa wamenijia niwaamulie ugomvi wa mpaka wa shamba, na gunia la mahindi la mmoja wao lilikuwa jikoni kwangu. Sikuliita rushwa. Nililiita sadaka.

Ndugu zangu, mfalme Yehoshafati alipoweka waamuzi katika miji ya Yuda, aliwaonya kwamba hawaamui kwa ajili ya wanadamu bali kwa ajili ya Bwana, ambaye kwake hakuna upendeleo wala kupokea zawadi. Sisi wa Bonde la Ufa twajua gharama ya kutoaminiana. Mapema mwaka 2008, baada ya ubishi wa uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa Afraha, ambao vijana walizoea kuchezea mpira, ulipokea familia zilizokimbia makwao. Mambo kama hayo hayaanzi siku moja. Huanza pale mzee wa mtaa, mwalimu, hata mchungaji, anapouliza jina la mtu kabla ya kusikiliza neno lake.

Jioni ile nililirudisha gunia. Halikuwa jambo jepesi. Mwenyewe alikasirika, na Jumapili iliyofuata hakuja kanisani. Lakini nilikuwa sijatoa neno juu ya mpaka ule. Nafasi ya kugeuka ilikuwapo bado.

Nawe msikilizaji, ni gunia gani lililo jikoni kwako? Lirudishe leo, kabla ya filimbi ya mwisho.

Tuombe. Ee Bwana, Mwamuzi wa haki, utuondolee upendeleo mioyoni, utupe ujasiri wa kurudi tulipokosea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.