UFUNGUO UKO WAPI?
Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



 Tulipoanza hapa Tanga mwaka 2015 tulikuwa akina mama 17 chini ya mwarobaini, na sanduku tuliazima. Leo tuko 31 na sanduku ni letu. Mambo ya hisa, mikopo na faida Mweka Hazina amekwisha kuyaeleza vizuri, na mimi si mtu wa hesabu ndefu, niliishia darasa la saba. Mimi nimeomba nizungumzie jambo moja tu, jambo la moto majumbani. Najua wengine mtasema, leo ni sherehe, mama anatuletea habari za moto. Nivumilieni. Katika miaka kumi hii, jambo hili ndilo lililotugharimu kuliko deni lolote.

Wanachama wa zamani mnakumbuka Alhamisi ile ya masika ya mwaka 2019. Mwenzetu mmoja alikuwa akiishi na mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja, na mjukuu wa miaka minne. Mwenyewe yuko hapa leo, ameniruhusu niseme, tena ameniambia nisifiche, ila jina nisiandike kitabuni. Kwa sababu ya mvua, jiko la mkaa alikuwa amelitoa uani akaliweka ukumbini, karibu na mlango wa chumba cha mama yake. Maharage yalikuwa motoni. Saa ya mkutano ikafika. Akafunga geti la chuma kwa kufuli kwa kuogopa wezi, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga, akaja mbio.

Kwa nini mbio? Kwa sababu ya faini yetu. Anayechelewa analipa shilingi 500. Alifika kabla sijaita majina, na mimi nikamsifu mbele ya wenzake. Nikasema, tazameni, ana mgonjwa nyumbani na amewahi, ninyi msio na mgonjwa mnachelewa. Maneno hayo niliyasema mimi kwa mdomo wangu.

Hatujamaliza kuhesabu hisa akaja kijana anapiga kelele. Sufuria ilikauka, upepo ukapeperusha pazia la mlangoni likaangukia jikoni, moto ukaingia chumbani kwenye godoro la sponji. Majirani walikuwepo na maji walikuwa nayo, lakini geti lilikuwa na kufuli na dirisha lina nondo. Mpaka kufuli livunjwe kwa nyundo, moshi ulikuwa umejaa. Mtoto alitoka na jeraha la mkono. Bibi alitoka ameungua, akakaa hospitali wiki tatu, akafariki dunia. Mungu amlaze mahali pema.

Baada ya arobaini tulikaa. Wako waliosema ni kazi ya Mungu. Ni kweli, lakini mama mmoja mtu mzima akasema neno ambalo sijalisahau. Alisema: sanduku letu lina makufuli matatu, na sote tunajua kila ufunguo anao nani. Fedha tunazilinda hivyo. Mbona bibi yule alikuwa ndani ya kufuli moja na hakuna aliyejua ufunguo uko wapi?

Hapo ndipo tulipoanza kazi ya kukagua nyumba zetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wanaoungua nyumbani, mara nyingi ni jikoni, na mara nyingi ni wanawake na watoto. Kwa hiyo hili ni jambo letu sisi, tusingoje kuambiwa.

Jinsi tunavyokagua ni hivi. Wanakwenda akina mama wawili, wanabisha hodi, wanaomba ruhusa. Hawaendi kutazama kama vyombo vimeoshwa. Wakitoka hawasimulii kisimani. Na wanauliza kwa mpangilio, kama ifuatavyo.

La kwanza, ni nani humu ndani hawezi kutoka mwenyewe? Tunaanza na mtu kabla ya jiko, kwa sababu moto ule ule ambao mimi nitauruka, mwenzangu hawezi. Wako wazee, watoto wadogo, aliyepooza, asiyeona vizuri, asiyesikia, mama aliyejifungua juzi. Yuko mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, kaa la moto linamchoma hana habari. Yuko mlevi, tusimwonee haya kumtaja, akilala na sigara ni hatari kwa nyumba nzima. Na yuko mwenye kifafa. Huyu familia nyingi zinamficha, na kumbe kifafa hakiambukizi, ila akianguka motoni anaungua hajitambui. Huyu asipike peke yake, na jiko lake lisiwe la mafiga wazi pale chini. Liinuliwe au lizungushiwe ukuta mdogo.

La pili, mtu huyo analala wapi, na moto unakaa wapi? Nyumba zetu za Kiswahili mnazijua. Ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Masika yakija kila mpangaji analeta jiko lake ukumbini, na ukumbi ndiyo njia ya kutokea. Mgonjwa tunamweka chumba cha nyuma kabisa ili apate utulivu, kumbe tumemweka mbali na mlango. Katika nyumba moja tulimwomba bibi atoke kitandani mpaka barazani kwa mwendo wake, tukahesabu taratibu. Tulifika mia mbili na kumi. Siku ile ile vijana walihamisha kitanda chumba cha mbele. Haikugharimu hata senti.

La tatu, ufunguo uko wapi? Usiku ukifunga kwa ndani, ufunguo ukae msumarini karibu na mlango, mahali anapofika hata mtoto mkubwa, na kila mtu aupate gizani kwa kupapasa. Mchana, mtu asifungiwe ndani. Ikibidi kutoka, mwache na mtu. Nasema wazi, akina mama tunaokwenda sokoni alfajiri tunafungia watoto, na hatufungii kwa ukatili, tunafungia kwa kukosa wa kumwachia. Ndiyo maana tukapanga zamu. Wanne wanaokaa jirani, kila siku mmoja anabaki na watoto na wazee wa wenzake.

La nne, ni moto wa aina gani? Hapa nitakwenda pole pole.

Koroboi na mshumaa vikae kwenye sahani pana, mbali na chandarua, na mtu asilale vikiwaka. Wazazi wenzangu hatujasahau wasichana wa shule ya Shauritanga kule Kilimanjaro waliokufa kwa moto bwenini mwaka 1994, wapatao 40. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo isiwekwe chini ya kitanda.

Jiko la mafuta ya taa lisiongezwe mafuta likiwa linawaka au likiwa la moto bado. Na mafuta ya taa na petroli visikae katika chupa zinazofanana. Petroli ikiingia jikoni ni mlipuko.

Mkaa usiingizwe chumbani na kufungiwa, hata kama ni kumkanda mzazi au kufukuza baridi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, watu wanalala hawaamki.

Gesi sasa imetufikia wengi, na Serikali katika mkakati wake wa mwaka 2024 mpaka 2034 inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Ni jambo jema, macho yetu yatapona na moshi. Lakini gesi ina adabu yake. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni. Ukisikia harufu yake usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya taa, hata kuzima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Kupima kama mpira unavuja, paka povu la sabuni. Ukiona mapovu yanatoka, unavuja. Usipime kwa kiberiti kama alivyofanya mmoja wetu, anajijua, leo anacheka. Nyusi zimeota.

Umeme: ekstensheni moja isibebe pasi, friji na birika, na waya usipite chini ya zulia. Waya ukipata moto mkononi, hiyo ndiyo dalili.

La tano, akiita nani atasikia? Bibi kizee asiye na sauti tumempa filimbi. Filimbi shingoni, si mezani. Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kila simu ya mwanachama inayo, na watoto wameikariri.

Hayo ndiyo maswali matano. Na moto ukitokea? Mafuta yakiwaka kwenye karai usimwagie maji, yataruka yakuunguze uso. Zima jiko ukiweza, funika karai kwa mfuniko. Ukumbi ukijaa moshi, tambaa, hewa ya kuvutia iko chini. Nguo ikishika moto usikimbie, lala ujigaragaze. Ukitoka usirudi ndani kwa ajili ya kabati. Aliyeungua mmwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, yai, unga, majivu, mafuta ya breki, vyote hivyo viacheni. Bibi yetu yule alipakwa dawa ya meno mwili mzima kwa huruma, na wauguzi walipata shida kuiondoa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kazi hii haikuwa rahisi. Wako waliosema tunachungulia nyumba za watu. Mume mmoja alitufukuza, akasema hatuwezi kumfundisha kufunga nyumba yake. Hatukugombana naye. Mwaka uliofuata mama yake alivunjika nyonga, akaja mwenyewe kutuita. Fedha za mfuko wa jamii tumenunulia tochi za sola kwa wazee waliokuwa wanatumia koroboi, na kila nyumba ina debe la mchanga uani. Tumeshindwa pia. Wenye nyumba wengi hawataki kukata nondo za dirisha ili ziwe za kufunguka, na mpangaji hana sauti. Hilo tunaliacha mezani kwako. Lingine, vichochoro vyetu vimezibwa na vibanda, gari la zimamoto likija litaishia barabarani. Na tunaomba Jeshi litutumie askari hata mara moja kwa mwaka aje kutufundisha, kwa sababu sisi tunayajua haya kwa kuungua.

Kuhusu faini. Tuliibadilisha. Imeandikwa kwenye katiba yetu kwamba mwanachama aliyechelewa kwa sababu alikuwa anazima jiko au anamtafutia mgonjwa wake mtu wa kukaa naye, halipi. Wako wanaoitumia vibaya. Wanapaka wanja nusu saa halafu wanasema nilikuwa nazima jiko. Tunawajua, na tunawaacha. Afadhali tupoteze hizo 500.

Mwenzetu yule alitaka kuacha kikundi. Tulikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda peke yangu nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Hakunijibu, alinikaribisha bada na mchuzi wa samaki, tukala. Alhamisi iliyofuata alikuja. Leo yeye ni mmoja wa watunza funguo watatu wa sanduku, na katika ukaguzi wa nyumba hakuna anayemzidi kwa jicho. Mjukuu wake yuko shuleni, mwaka huu ana miaka kumi.

Nisiwachoshe, pilau linapoa. Ninaloomba ni dogo. Leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja wetu azime taa, asimame chumbani kwake gizani, atafute ufunguo. Kisha amwulize aliye dhaifu kuliko wote nyumbani: wewe utatokaje? Majibu tuje nayo Alhamisi.

 Kikundi chetu, hoyee!