Picha Mia Sita kwa Mkupuo Mmoja



Mpiga picha wa harusi akirejea nyumbani Jumapili alfajiri, kamera yake huwa imebeba picha mia sita, pengine zaidi. Bwana harusi anazitaka kwenye flashi, shangazi aliye Muscat anataka atumiwe kwa simu, na mwenye ukumbi naye anaomba chache za kutangazia biashara. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12, na faili lake huweza kufika megabaiti 4. Zidisha kwa mia sita, utapita gigabaiti 2. Nani atalipia bando hilo?

Dawa ni kuzipunguza. Lakini kufungua moja moja, kuandika vipimo, kuhifadhi na kufunga, kisha kuanza tena, ni kazi ya kumkesha mtu. Ndiyo maana programu za picha zina njia ya kufanya kazi kwa mkupuo: unaionyesha folda, unaipa kipimo, unaiacha iendelee huku ukinywa chai. Photoshop inayo, ila ni ya kulipia. IrfanView, iliyotolewa mwaka 1996 na Irfan Skiljan, mzaliwa wa Bosnia, ni bure kwa matumizi ya nyumbani. ImageMagick nayo ni bure, ingawa huendeshwa kwa kuandika amri, jambo linalowakimbiza wengi.

Mashaka huanzia hapo hapo penye urahisi. Amri ya ImageMagick iitwayo mogrify, usipoielekeza mahali pengine, huandika juu ya picha zile zile ulizoipa. Dakika chache tu, picha asilia mia sita zimekwenda. Enzi za mkanda, studio ilitunza negativu kwenye bahasha, na miaka kumi baadaye ungeweza kurudi ukasafishiwa nyingine. Leo negativu ni lile faili kubwa, hakuna jingine.

Tupige hesabu. Picha iliyopunguzwa hadi 800 kwa 600 imebaki na pikseli 480,000, yaani asilimia 4 ya ile ya mwanzo. Kwenye simu inapendeza. Lakini kuchapa vizuri picha ya inchi 4 kwa 6, kwa nukta 300 kila inchi, kunataka 1,200 kwa 1,800. Siku babu akiitwa na Mola wake, wanawe wakatafuta picha kubwa ya kutundika sebuleni, watakuta ukungu mtupu. Kuikuza tena hakurudishi kilichotupwa. Kompyuta inakisia tu.

Basi fungua folda mpya ya hizo ndogo, na asilia usiziguse. Taja kipimo cha upande mrefu peke yake, la sivyo bibi harusi atatoka mnene kama pipa. Zuia programu isikuze picha zilizo ndogo tayari. Na kila toleo jipya ulitoe kwenye asilia, kwa sababu JPEG hupoteza kitu kila ihaririwapo na kuhifadhiwa upya. Jaribu kwanza kwa picha tano.

Aliyelipia harusi naye asipokee flashi kwa kuamini tu. Afungue sifa za faili, atazame vipimo. Akiona 800 kwa 600, amfuate mpiga picha mapema, kabla kadi ya kamera haijafutwa kwa harusi ya Jumamosi ijayo.