Kamba ya Kuvutana: Somo la Maya Gabeira kwa Sisi Wana Pangani
Hotuba ya Kamati katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee

  

Kila mwaka kamati husimama mbele yenu na hesabu: kilichochangwa, kilichotumika na kilichobaki. Hesabu hizo mmeshapewa, na maswali tutayapokea. Lakini leo, kabla ya kuomba mchango, tunaomba mtuvumilie kidogo tuwaeleze ombi la mwaka huu limetoka wapi.

Tulipokwenda nyumbani kusikiliza mahitaji, tulitegemea kusikia habari za madawati, dawa na mabati. Tulizisikia. Lakini katika kijiji kimoja cha pwani, wasichana watatu wa sekondari walitusimamisha tukielekea kwenye gari. Mmoja alikuwa na simu ya kaka yake. Ndani ya simu kulikuwa na mtu mdogo kama sisimizi, amesimama juu ya ubao, anateremka mlima wa maji. Wakatuambia yule ni mwanamke. Kisha mmoja akauliza: "Shikamooni. Sisi tumezaliwa hapa hapa ufukweni. Mbona hatujui hata kuogelea?"

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi mjini tukatafuta habari za mwanamke yule, na hizo ndizo tunazowaletea leo.

Anaitwa Maya Gabeira. Alizaliwa mwaka 1987 Rio de Janeiro, Brazili. Utotoni alisumbuliwa na pumu, ugonjwa ambao wengi wetu tungesema mtoto kama huyo akae mbali na maji. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Hakuwa amefikisha miaka 20 alipoondoka nyumbani kwenda kuufuata mchezo huo nje ya nchi. Huko Hawaii alipata riziki kwa kuhudumia wateja hotelini, na nafasi ilipopatikana aliingia majini. Baadaye alianza kushinda tuzo za wanawake wanaoteleza juu ya mawimbi makubwa, mwaka baada ya mwaka.

Mawimbi makubwa kuliko yote aliyafuata Nazaré, nchini Ureno. Tunataka muujue mji huu, maana una undugu na kwetu. Ni mji wa wavuvi. Samaki huanikwa juani pale pwani kama tunavyoanika dagaa sisi. Kabla ya kujengewa bandari, vyombo vilisukumwa baharini kutoka mchangani, vikapasua mawimbi, na wanawake wakabaki ufukweni kusubiri nani atarudi. Mbele ya mji huo, chini ya bahari, kuna korongo refu lenye kina cha kilometa kadhaa huko mbali, ambalo linakuja hadi karibu na nchi kavu. Mawimbi yanayopita juu ya korongo hukimbia kuliko yale yanayopita pembeni kwenye maji machache. Yakikutana karibu na ufuko hupandana, na maji yakawa mlima. Wavuvi wa Nazaré waliyajua mawimbi hayo siku zote, na wakayakimbia. Wanamichezo wamekuja juzi juzi tu.

Tarehe 28 Oktoba 2013, Maya aliingia katika maji hayo. Mawimbi ya ukubwa huo hayafikiwi kwa kupiga mikono. Mwanamichezo hushika kamba, akavutwa na mwenzake aliye juu ya pikipiki ya majini, kisha akaiachia kamba wimbi linapoinuka. Mwenzake siku ile alikuwa Carlos Burle, Mbrazili kama yeye. Maya alianguka. Alivunjika mfupa wa mguu karibu na kifundo, na kabla hajapata pumzi mawimbi mengine yakamfunika. Burle alizunguka akimtafuta katikati ya povu. Alipompata alimtupia kamba. Maya aliishika, akavutwa, kisha akazimia na uso ukabaki ndani ya maji. Burle akakiacha chombo chake, akajitupa majini, akamkokota hadi mchangani. Pale pwani wakambonyeza kifua mpaka pumzi ikarudi.

Tuseme wazi, ndugu zetu: nguvu zake siku ile hazikumtosha. Alipona kwa sababu kulikuwa na mtu aliyefundishwa, mwenye chombo na kamba, aliyekuwa ameingia majini kwa kazi hiyo hiyo.

Baada ya hapo haikuwa rahisi. Walikuwepo waliosema hadharani kwamba hakustahili kuwa pale. Wadhamini wengine wakamwacha. Mgongo wake ulihitaji kupasuliwa zaidi ya mara moja, na ilichukua miaka kabla hajawa sawa. Lakini alirudi Nazaré, akafanya makazi huko, akajifunza wimbi lile upya. Tarehe 18 Januari 2018 aliteleza juu ya wimbi la kiasi cha mita 20. Ilibidi adai kutambuliwa, hata kukusanya saini za watu kwenye intaneti, ndipo mwezi Oktoba mwaka ule Guinness wakaliandika kuwa rekodi ya dunia kwa wanawake. Tarehe 11 Februari 2020 akavunja rekodi yake mwenyewe kwa wimbi la mita 22.4, urefu wa nyumba ya ghorofa saba. Na majira yale, kwa vipimo vya waandaaji, hakuna mwanamume aliyepata wimbi kubwa kuliko lake.

Mtu angeweza kuishia hapo, akapumzika na sifa zake. Maya hakuishia hapo. Amekaa kwenye bodi ya Oceana, shirika linalotetea bahari duniani, na UNESCO walimteua kuwa balozi wao wa masuala ya bahari na vijana. Anazungumzia plastiki zinazojaa majini, anazungumzia matumbawe, na ameandika kitabu cha watoto kuhusu msichana anayelikabili wimbi. Baba yake, Fernando Gabeira, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha siasa cha kutetea mazingira nchini Brazili, kwa hiyo maneno haya aliyasikia tangu nyumbani. Lakini sisi tunaona kuna sababu nyingine. Mtu aliyewahi kuvutwa kutoka chini ya maji anajua deni lake.

Sasa turudi kwetu.

Wazee mliopo hapa mnakikumbuka kisiwa cha Maziwe kikiwa na miti. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi, kwa sababu kasa walikuja kutaga pale kwa wingi. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, bahari ikaula. Leo watoto wetu wanakijua kama fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, na kufunikwa yakijaa. Kasa bado wanakuja, maana kasa hajui kama kisiwa kimekufa. Mayai yake yasipohamishwa huzama. Wapo watu wa kwetu wanaoyachukua kwa mikono na kuyafukia upya Ushongo, ili watoto wa kasa waanguliwe. Hao nao wameshika kamba, na wanaishika wakiwa wachache.

Na tuseme lingine ambalo halisemwi sana kwenye mikutano kama hii. Baruti ilipolia pwani ya Tanga, wengi wetu tulilaumu wavuvi. Lakini samaki yule mwenye nyama iliyolegea na mifupa iliyovunjika, nani alimnunua? Tulimnunua sisi. Tulimpeleka mjini kwenye ndoo, tukamgawia jirani, tukajisifu kuwa samaki wa kwetu ni mtamu. Mwamba uliopasuliwa na baruti hauoti tena kwa msimu mmoja wala kwa miaka miwili. Hatuwezi kusimama mbele ya wavuvi kama mahakimu. Tusimame nao kama watu wenye deni moja.

Tena hakuna kati yetu asiyeijua nyumba iliyosubiri chombo ambacho hakikurudi. Kusi ikivuma, ngalawa zinatoka hivyo hivyo, kwa kuwa watoto lazima wale. Humo ndani kuna vijana wasio na jaketi la kuokolea hata moja. Tunaambiana ni kazi ya Mungu. Ni kweli, ajali haina kinga. Lakini hata Maya, aliyeweka rekodi ya dunia, hakuyaendea mawimbi yale bila jaketi na bila mtu wa kumvuta.

Ndiyo maana, Ndugu Mwenyekiti, kamati inaleta mambo matatu kwa harambee ya mwaka huu.

La kwanza ni majaketi ya kuokolea kwa vyombo vya wavuvi wetu, yakabidhiwe kwa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za pwani, yaandikwe kwenye daftari, na yakaguliwe kila mwaka.

La pili ni mafunzo ya kuogelea na kuokoa mtu majini, kwa wavulana na wasichana. Wazazi wenye wasiwasi kuhusu stara tunawaelewa, na baadhi yetu ni wazazi hao hao. Kaskazini ya Unguja, Nungwi, wasichana wamefundishwa kuogelea na walimu wanawake, wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima. Wenzetu wameweza bila kuvunja mila wala dini. Na sisi tutaweza.

La tatu ni kuwasaidia wanaolinda viota vya kasa na wanaopanda mikoko: mafuta ya boti, viatu, tochi, na posho ndogo ya chakula. Mambo haya madogo ndiyo yanayomfanya mtu aendelee au akate tamaa.

Kuna watakaouliza: kwa nini bahari, wakati shule ina uhaba wa madawati? Tumejiuliza pia. Madawati yamo kwenye bajeti, hatukuyatoa. Lakini karo ya wengi waliokaa ukumbini hapa ililipwa na bahari: na nguru, na pweza, na mwani aliofunga mama kiuno kikiwa ndani ya maji. Bahari ikifa, madawati yatabaki na mwalimu, watoto watakuwa wamehama.

Sisi tulioko mjini hatuwezi kulala Ushongo kulinda viota, wala kutoka na ngalawa alfajiri. Nafasi yetu ni ya yule aliye juu ya chombo, mwenye kamba mkononi. Walioko majini ni ndugu zetu.

Wale wasichana watatu tuliwaahidi tutarudi na jibu. Tunaomba lisiwe la maneno matupu. Daftari la ahadi liko mezani kwa mhazini, na hakuna mchango ulio mdogo. Haba na haba hujaza kibaba.

 Mungu aibariki Pangani, na awarudishe salama wote walioko baharini leo.