Siku za kazi na siku za kutembea kule Guangzhou

(Maneno yaliyosemwa Kabimba mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Mwenyekiti aliniomba niseme namna mwalimu mgeni anavyoishi kule China. Wengi humu munajua ugeni kuliko mimi: mulikaa Lugufu, Nyarugusu, ao upande wa Zambia, Mwange na Kala. Ninyi mulikimbia vita, mimi nilikwenda na mkataba, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini jambo moja tunalijua sote: ugenini, karatasi ndiyo inasema wewe ni nani.

Nilifundisha Kifaransa Guangzhou, mji mkubwa wa kusini, kule wafanyabiashara wetu wa Kongo wanakwenda kununua simu, viatu na vitambaa. Asubuhi nilikunywa maziwa ya soya ya moto pamoja na youtiao, ile ni kama andazi refu lililokaangwa. Kisha metro. Falanga za mkononi karibu hakuna anayezishika. Hata mama wa mboga ameweka karatasi yenye alama nyeusi, unaipiga picha na simu, makuta yamekwenda. Simu ikizimika, siku hiyo njaa. Na maji ya kunywa wanakupa ya moto, hata jua likiwaka namna gani! Nilizoea.

Munaniuliza juu ya wikendi. Kwa mwalimu wa masomo ya ziada wakati ule, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kazi nzito, maana watoto hawakuwa shuleni na wazazi waliwaleta kwako. Mimi nilipata Jumapili mchana na Jumatatu. Jumapili nilikwenda kwenye kanisa kubwa la mawe la Moyo Mtakatifu, lililojengwa na Wafaransa kati ya 1863 na 1888. Misa ya Kiingereza inajaa Waafrika. Kisha tunashuka mtaa wa Xiaobei, kule kuko bukari na sombe, na unasikia Lingala, Kiswahili na Kibambara kwenye meza moja. Bei ya sahani ile sitaisema mbele ya bibi yangu.

Jumatatu nilipanda mlima Baiyun, mita 382 tu, vilima vyetu vinaushinda. Nilipenda kuangalia wazee wa kule wakitembea kinyumenyume, wanasema inasaidia mgongo. Siku nyingine nilivuka mto Zhujiang kwa boti ya abiria, yuan 2, jioni taa zikiwaka. Ao treni ya mbio mpaka Shenzhen, kilomita mia moja na kitu, nusu saa hivi. Sisi hapa kufika Kalemie, munajua wenyewe.

Sasa niingie kwenye jambo lenye uzito. Sheria ya China ya kuingia na kutoka ilianza kazi tarehe 1 Julai 2013. Mgeni anayelala kwenye nyumba ya kupanga anajiandikisha polisi ndani ya saa 24. Anayefanya kazi bila kibali analipa faini ya yuan 5,000 mpaka 20,000, na kosa likiwa zito anafungwa siku 5 mpaka 15. Visa ya kazi ni Z. Visa ya masomo ao ya biashara haikupi ruhusa ya kufundisha, hata tajiri aseme nini. Na kazi ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida wanawapa watu wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha yao ya nyumbani. Mkongomani akiahidiwa kazi hiyo, aulize mara tatu.

Nilimjua kijana wa kwetu aliyefika na visa ya masomo. Mtu wa kati alimtia kwenye shule ya watoto wadogo. Polisi walipokuja, mtu wa kati hakupokea simu tena. Faini na tiketi ya kurudi tulizichanga sisi, daftari ikipita mkono kwa mkono siku ya Jumapili, huyu yuan 50, yule 100. Mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa mji ule walifukuzwa kwenye nyumba walizokuwa wamelipa, na daftari namna ile zilibeba watu. Kisha Julai 2021 serikali ikabana masomo ya ziada, vituo vingi vikafunga, na walimu wenye karatasi safi nao wakakosa kazi.

Nasema haya sababu vijana wawili wa chama chetu wameombwa makuta na mtu anayewaahidi kazi ya Kiingereza kule China. Mmoja baba yake anataka kuuza mota ya boti. Naomba halmashauri mambo mawili. La kwanza, mkataba usomwe hapa kabla mtu hajauza kitu: aina ya visa, jina la anayeajiri, na nani analipa tiketi ya kurudi. La pili, katika sanduku letu la msaada tuweke fungu la mwanachama aliyekwama mbali. Wafadhili, fungu hilo leo ni sifuri.

Mimi niko nyumbani kila Jumatatu jioni. Mulete karatasi zenyewe, si picha kwenye simu, maana mihuri haisomeki vizuri kwenye picha.